Nilimcheka Mume Wangu Aliposema Anaogopa

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na tafadhali jina langu usilitaje hata ukilijua, maana mtaani kwetu gazeti moja linasomwa na nyumba nzima na mwenye duka ndiye anayelisoma wa kwanza. Mimi ni mshona mapazia, nimeolewa mwaka huu, na mume wangu nampenda, hilo nalitanguliza usije ukadhani nimekuandikia kumshitaki.

Mume wangu kazi yake ni kutia sauti ya Kiswahili kwenye filamu za nje. Anakaa kwenye kachumba kenye mablanketi ukutani, anavaa hedifoni, na humo ndani peke yake anakuwa jambazi, anakuwa polisi, anakuwa bibi kizee na mtoto anayelia, wote kwa mdomo mmoja, ndiyo maana watu wanamwita Kasuku na akipita barabarani vijana wanampigia kelele awatolee ile ya jambazi. Tulijuana hukohuko kazini kwake, niliitwa kupima dirisha ili niwashonee pazia zito la kuzuia kelele, nikalipima na kulipima tena dirisha ambalo nilikuwa nimeshalimaliza, kwa sababu alikuwa ananichekesha na sikutaka kuondoka.

Sasa mshauri, filamu ikifika pale mwanamume na mwanamke wanapokaribiana, Kasuku ana mtindo wake unaojulikana kote, anashusha sauti ya filamu na kuanza porojo, "Haya wazee, wafunikeni watoto macho, sisi wengine twende nje tukaone kama nguo zimekauka," na watu wanavunjika mbavu, na wazazi wanampenda kwa hilo kwa sababu filamu yake unaweza kuiangalia hata ukiwa umekaa na baba mkwe. Na mimi nilikuwa nacheka, mpaka nilipoolewa nikakuta mtindo huohuo umehamia chumbani kwetu.

Naona aibu lakini nimeshaanza, ngoja nimalize. Hatujawahi kuwa mke na mume kwa maana ile unayoijua, tangu harusi mpaka leo. Nikimwekea mkono begani anageuka bibi kizee, "We mjukuu wangu, taratibu, mgongo huo!" nikimsogelea anakuwa polisi ananiomba kitambulisho, nami nacheka mpaka machozi yananitoka, na tukimaliza kucheka jambo lenyewe limeshapita, anazima taa, ananiambia lala salama mke wangu, nami nashusha pumzi na kugeukia ukutani.

Halafu akaanza kuleta nyumbani filamu ambazo hazimo kwenye kazi yake, filamu zisizo na ngumi wala bunduki, tunaziangalia Jumapili mchana tukiwa tumekaa kwenye kochi. Moja ni ya fundi saa ambaye hashiki mtu bila glavu, anaoa, na mkewe badala ya kumwomba azivue anaishia kumtafutia glavu nzuri zaidi. Nyingine ni ya kutisha, ya bibi harusi ambaye kila mumewe akimkaribia dari linaanza kuvuja, wanaitwa mafundi, paa linakutwa zima halina tundu, na maji yanazidi kujaa chumbani. Na kuna ile niliyoipenda mimi, ya wazee wawili majirani, mjane na mgane, wameongea kupitia ukuta mpaka wakapendana, siku mvua inaubomoa ule ukuta wanatazamana, wanasalimiana kwa adabu, halafu wanasaidiana kuujenga upya. Niliililia ile. Nilimuuliza mume wangu kwa nini siku hizi analeta filamu za watu wanaoogopa kuguswa, akasema ni nzuri tu, zimepigwa kwa ustadi, "hebu angalia mwanga ule ulivyoingia."

Jumapili moja tulikuwa tunairudia ile ya fundi saa, umeme ukakatika, sebule ikawa kimya, magoti yetu yanagusana pale kwenye kochi, naye akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kumsikia nayo, "Mke wangu, mimi naogopa. Natamani kukushika, halafu naogopa, na hata sijui ninachokiogopa." Mshauri, nilicheka! Nilicheka kabla hajamaliza, nikapiga makofi, nikamwambia, "Hiyo mpya hiyo! Ya nani?" nikidhani sasa amempata fundi saa barabara, kumbe hakuwa anamwigiza mtu, alikuwa ni yeye. Alinitazama kidogo, akasema, "Ya fundi saa," akainuka akaenda kuosha vikombe ambavyo mimi nilikuwa nimeshaviosha.

Tangu siku hiyo nyumbani hakuna bibi kizee wala polisi. Ananijibu ndiyo, hapana, asante. Kazini wenzake wanasema yuko vilevile, anawaua kwa vicheko, lakini akivuka kizingiti chetu anakuwa mgeni. Nimejaribu kumchekesha mimi, nikamwigizia yule bibi wake, akatabasamu kwa heshima kama anavyowatabasamia wateja, na moyo uliniuma vibaya sana. Siku hizi nakaa kwenye cherehani mpaka nisikie amelala, nashona pindo na kulifumua, nashona na kulifumua.

Na shangazi yangu aliyenilea, baada ya kuniuliza na kuniuliza kwenye simu kama "bado," mwishowe nikamwambia yote, akasema, "Mwanangu, mwanamume asiyekugusa wewe yupo anayemgusa. Mwisho wa mwezi nakuja. Nikukute una habari njema au nikukute begi lako liko mlangoni." Nimelitoa begi chini ya kitanda, nikalirudisha, nikalitoa tena. Mshauri, mume wangu hanitaki? Nifungashe au nibaki? Na mtu akishachekwa namna ile na mke wake mwenyewe, anaweza kweli kusema tena?

Wako, mshona mapazia

Mshona mapazia mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilimwona mumeo na nikamhurumia. Mara ya pili nimekuona wewe, kwa hiyo kaa vizuri, tuna mazungumzo.

Tuanze na shangazi, tumalizane naye. Anakupenda, hilo halina mjadala, lakini amepiga ramli ya simu. Mwanamume mwenye mwingine huko nje hashindi Jumapili nzima kwenye kochi na mkewe akimwonyesha fundi saa na dari linalovuja. Mumeo alikuwa anakwambia siri yake! Ana midomo ya watu wote mjini isipokuwa wake mwenyewe, basi akaazima filamu za wenziwe ziseme kwa niaba yake, na ulipomuuliza uso kwa uso akakimbilia kwenye mwanga. Alikosea hapo, na ukimwona umwambie nimemgombeza. Ila kutokukutaka, hapana. Hilo lifute.

Sasa zamu yako. Unasema akizima taa unashusha pumzi. Hivi wewe, mtu anayeshusha pumzi si yule aliyenusurika? Unasema unakaa kwenye cherehani mpaka asinzie, halafu unataka mimi nishangae kwa nini hamkutani. Katika filamu zote uliililia ile ya wazee waliojenga ukuta wao upya, na hukujiuliza unalia nini. Na umeandika kwa mkono wako kwamba ulicheka kabla hajamaliza. Mwanangu, mzaha huchekwa ukiisha. Wewe mke wa mchekeshaji unalijua hilo kuliko sisi wengine. Sauti yake ulikuwa umeisikia vizuri tu, na ulisikia kwamba ni yake. Alisema neno ambalo na wewe umelificha tangu siku ya harusi, ukashtuka, ukacheka ili lisiendelee.

Sikusemi kwa ubaya. Kucheka ulipocheka hakukukufanya mke mbaya, na kuogopa hakujamfanya yeye mwanamume pungufu. Mmekuwa mkiogopa pamoja, kila mmoja kwa siri, na vichekesho vikawa vinawaokoa wote wawili. Huyu anatoa sauti ya bibi kizee, huyu anacheka, wote mnalala salama na wote mna njaa ya kushikwa. Nimesoma hapo nikaweka miwani chini, maana inauma.

Haya, fanya hivi. Begi lirudishe chini ya kitanda na usiliguse tena. Mpigie shangazi umwambie unamheshimu, unamshukuru, na mwisho wa mwezi hamtapokea wageni. Akikasirika atapoa, mashangazi wote hupoa.

Filamu zipumzisheni kwa sasa. Hazina ubaya, tena zimewasaidia kuona kwamba hofu hii wanayo watu wengi mpaka wakaitengenezea picha. Lakini mkiwa kwenye kochi lile wote mnaangalia mbele. Mnamwonea huruma bibi harusi wa watu, na bibi harusi wa nyumba hii amekaa hapohapo.

Chagua mchana, mkiwa mmeshiba na hakuna anayewahi mahali. Mwambie hivi, kwa maneno yako: "Siku ile nilikusikia. Nilicheka kwa sababu na mimi naogopa." Usimwigize mtu, usiongeze utamu. Ukishasema, nyamaza, hata kama kimya kitakuwa kirefu mpaka utamani umeme ukatike tena. Akiinuka kwenda kuosha vikombe, usimfuate na maswali, chukua kitambaa usimame pembeni yake umfutie. Akikuuliza unaogopa nini, mwambie ukweli kwamba hujui. Na yeye hajui, ameshasema. Mnaweza kuanzia hapo hapo pa kutojua.

Kisha wekeni makubaliano. Kwa sasa hakuna anayedaiwa chochote chumbani. Mshikane mikono, umkande mabega, akusuke nywele kama anaweza, akikuvuta nywele mwambie. Yeyote akisema basi, ni basi, na hakuna wa kununa asubuhi. Mwili unaozoea kushikwa bila kudaiwa huacha kujikunja wenyewe, ila unataka muda, na muda mnao, hamjachelewa popote isipokuwa kwenye kalenda ya shangazi. Kama kuna maumivu ya mwili, au kama kuna mtu aliwahi kumuumiza mmoja wenu zamani, nendeni pamoja mkamwone daktari au mnasihi. Mwambieni wazi. Ameshasikia makubwa kuliko yenu na hatawacheka.

Kicheko chenyewe msikifukuze. Nyumba yenu mliijenga kwa kicheko, na yule bibi kizee nataka arudi, nimeshampenda. Arudi tu akiwa mgeni, asiwe mlinzi wa mlango.

Umeniuliza kama mtu aliyechekwa namna ile anaweza kusema tena. Hawezi, mwanangu, usimngojee. Alijikaza akasema, kwa sauti yake, mara moja, na kwa mtu wa aina yake hiyo ilikuwa safari ndefu mno. Yeye ameshamaliza kusema. Aliyebaki kusema ni wewe.