Hatua Arobaini na Mbili

Jumapili, 9 Februari 2025

Konverta ya Nzioki, mwenzangu wa kupiga picha za ndege, imefika! Ameniazima hadi Pasaka. Ni kijilenzi kifupi, kama kifuniko cha thermos, kinaingia kati ya kamera na lenzi – lenzi yangu ya milimita 300 imekuwa 600. Ndege aliye ng'ambo ya bwawa anakuja hadi mlangoni. Shida ni kwamba inakula mwanga, na fokasi inahangaika mbele na nyuma kabla ya kushika.

Nimetoka Ruiru mapema, nikaenda kuijaribu nyumbani Gatuanyaga. Tripod karibu na tangi, Mum kule kwenye kigingi cha ng'ombe, ameshika gazeti. Herufi ndogo ndizo husema ukweli wa lenzi. Akauliza kama nitamngoja abadilishe kitambaa cha kichwa. Nikamwambia hakuna haja, haonekani, nataka gazeti tu. Haiya, akasema, yaani nimekuwa msumari wa kutundikia gazeti! Akaingia ndani kidogo – nafikiri kuangalia jiko – akarudi, tukaendelea. Picha 37. Hata matangazo ya mbegu yanasomeka. Nimefurahi sana!

Jumamosi, 15 Februari

Bwawani. Mdiria mmoja, mweusi na mweupe, alisimama hewani kama amefungwa kwa uzi. Picha 412, nzuri mbili. Konverta haipendi mawingu.

Mum alipiga kuuliza kama zile picha zilitoka. Nikasema zimetoka safi kabisa. Nilikuwa nazungumzia gazeti.

Alhamisi, 27 Februari

Mum ameaga. Emmah, dada yangu anayeishi naye, alimpelekea chai akakuta hajaamka. Presha, wanasema.

Mochari wana taa nyeupe, za tyubu. Nilijikuta napiga hesabu ya mwanga. ISO 3200, labda 4000. Ni hilo tu nililofikiria.

Jumamosi, 1 Machi

Mkutano wa mazishi kwa Kiama, kaka yetu mkubwa, huko Ngoingwa. Tutazika Ijumaa. Programu ichapishwe Jumatano, Thika mjini. Ilipofika picha ya mbele, wote wakanigeukia. Ya kitambulisho ni ya miaka thelathini iliyopita, anaonekana kama mtu aliyeshikwa na polisi. Ya harusi ya Emmah amefumba macho. Kiama akasema, wewe unapiga ndege mwaka mzima, ya Mum utakosa aje? Tata mmoja, shangazi yetu, akasema mganga hajigangi. Watu wakacheka kidogo.

Nikasema nitaleta. Sikuona aibu. Sikuona kitu chochote.

Jumatatu, 3 Machi

Ndege elfu kumi na nne. Nimepitia kadi zote. Nakumbuka kila mmoja alikuwa tawi gani. Mum – hakuna.

Halafu nikakumbuka gazeti. Ni bahati sikuzifuta.

Thelathini na sita ni gazeti, limemfunika hadi juu ya kichwa. Vidole vyake viko pembeni, na lile kovu la sufuria kwenye kidole gumba. Safi. Udongo ulio kwenye kucha unaonekana.

Ya mwisho ameshusha gazeti. Alikuwa anauliza kama nimemaliza, nakumbuka. Konverta ikakosa kushika, ikaruka hadi kwenye ua wa michongoma nyuma yake. Kila jani la ua linaonekana. Mum ni ukungu.

Kitambaa ni kile cha bluu. Cha kanisa. Kumbe hakuwa ameenda kuangalia jiko.

Nimekaa nayo hadi chai ikapoa. Nikaifunga laptop, nikapiga pasi mashati mawili.

Jumanne, 4 Machi

Nzioki ameipitisha kwenye programu yake ya kusafisha picha. Akanirudishia mwanamke mwingine, mzuri tu, meno yote yamepangana. Mum alikuwa na pengo tangu nikiwa darasa la tatu. Nzioki akasema, lakini bro, si hakuna mtu atajua? Nikasema asante, nikaifuta.

Jumatano, 5 Machi

Gatuanyaga. Nje wanaweka hema na viti. Printing wanangoja hadi saa sita. Kiama, aliye huko Thika, anataka ile ya kitambulisho, angalau kuna macho. Emmah anataka ya ukungu – huyo ni Mum, anasema, ona vile amesimama. Wameshindwana, wakaniambia nichague mimi kwa sababu mimi ndiye niliyepiga.

Nimeweka tripod palepale kwenye tangi, sijui kwa nini, nikatembea hadi kwenye kigingi. Hatua arobaini na mbili. Naandika nikiwa hapa, daftari kwenye goti. Kutoka huku kamera ni kitu kidogo cheusi. Huwezi kujua kama inakuangalia. Hakujua napiga lini. Alisimama tu kwenye jua, amejifunga cha kanisa, akingoja nimwambie.

Nilitafuta konverta ili nisiwasogelee ndege, kwa sababu ukimsogelea ndege anaruka. Mum hangeruka! Ningetembea tu, na simu mkononi, hata ingekuwa ya kioo kilichopasuka. Inauma. Siku sita hakuna kitu, na sasa inauma hadi kwenye meno.

Emmah ameita kutoka mlangoni: "Mwas! Kiama ako kwa simu, anasema ni saa hii ama waweke ya ID!"

Nimemwambia amshikilie kidogo, naja. Nimeanza kurudi, nikihesabu. Nimefika ya kumi na tisa, nimesimama. Ameita tena, nimemjibu waweke ya ukungu.