Mlonge Kwenye Kopo la Mlenda

Ulemo, Jumanne

Nilinyamaza mbele ya nesi. Hilo ndilo linalonisumbua.

Baba Neema aliyakataa majani ya mlonge, akasema vidonge vyake vya presha vinamtosha. Nikayatwanga, nikayachanganya na unga wa mlenda kwenye kopo. Rangi ni moja, asingejua. Wiki tatu amekula, nami nikajisifu moyoni.

Leo mchana ameinuka kutoka kula, akaanguka mlangoni.

Zahanati wamekuta presha imeshuka mno. Nesi akamuuliza, "Mzee, kuna dawa nyingine unatumia? Hata ya miti shamba?"

"Hakuna, mwanangu."

Hakudanganya. Mimi nilikuwa nimeshika kofia yake, nikaangalia chini. Hapa kijijini mke akikutwa anamtilia mume dawa kwenye mboga, hakuna anayeuliza ni dawa ya nini. Lakini akianguka tena, na mimi nikiwa...

Jioni nimempikia maharage. Akaonja, akasogeza bakuli. "Mama Neema, mlenda umekwisha?"

Nikasema umekwisha.

"Mbona kopo nimeliona limejaa?"

Nikatoka nje kama naenda kufungia kuku.