Bunduki Iliyoning'inia Nyuma ya Unga

Ziwa Refu
Aprili, barafu ikianza kulia

Baba yangu mpendwa Modeste,

Shikamoo Baba. Natumai barua hii inakukuta ukiwa umekaa, si umelala, na kwamba hiyo mashine ya figo inakutendea kwa adabu. Sisi huku hatujambo. Shangazi Eulalie hajambo isipokuwa goti, mbwa wote wazima, na mimi mwenyewe nimekonda kidogo lakini nimeota mabega. Nakutumia samaki wakavu kwa mkono wa muuguzi anayerudi huko. Hawana chumvi, nimeyakumbuka masharti yako. Wafiche, maana najua huko Saskatoon wanakulisha vitu vyeupe visivyo na jina.

Najua unachotaka kusikia kwanza ni uamuzi wa mkutano wa wategaji, kama njia yetu ya mitego imebaki kwetu au imekwenda kwa Ovide, mtoto wa marehemu Baba Mkubwa. Vuta subira. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba mitego haikaguliwi kwa kurukaruka. Nitakupitisha mmoja mmoja.

Unakumbuka siku ile unapanda ndege kwenda kutibiwa, nilikuuliza nibebe bunduki gani msituni. Ukanijibu kwamba bunduki uliyochaguliwa na mwingine ni kiatu cha kuazima, lazima kikutoe malengelenge, na kwamba ukisikia nimechagua ipi utajua kama umeacha mtegaji nyumbani au umeacha mpishi. Kisha ukapanda. Nilikukasirikia wiki nzima, sikufichi. Ovide naye alikuwa amekwisha kutangaza dukani kwamba njia isiyotembewa msimu mzima ni mali ya mwenye miguu, na kwamba huyu binti wa Modeste hatafika hata kibanda cha pili.

Basi nikaanza na bunduki yako kubwa, ile ya kukoki kwa kuvuta wenzo wa chini. Niliichukua kwa kiburi tu. Nilijiambia kwamba njia ya Baba itatembewa na bunduki ya Baba. Kabla ya mchana bega lilikuwa linawaka moto. Nina shoka kiunoni, minyororo ya mitego, mfuko wa chambo, viatu vya theluji miguuni, na juu ya hayo yote lile gogo lako la chuma! Hata hivyo nilivumilia, mpaka nilipomkuta mbweha mwekundu amenasa, mzuri ajabu, nikammaliza kwa risasi moja ya karibu. Alikufa papo hapo, lakini ngozi ilitoka na dirisha. Nilipompelekea Shangazi, aliinua ile ngozi usoni, akanichungulia kupitia tundu, akaniuliza kama ninamwona vizuri.

Ovide aliposikia akaja na bunduki yake mpya, nyeusi tii, inayojikoki yenyewe, na darubini juu. Alinikabidhi mbele za watu. "Chukua dada, usije ukaliwa huko, watu wakasema ukoo wetu wachoyo." Akanisihi niitunze kama yai, maana hata yeye hajaichosha. Nami kwa kuogopa mali ya watu nikafanya jambo ambalo hata mtoto anayenyonya wa hapa kwetu halifanyi. Niliiingiza kibandani, nikailaza karibu na jiko, nikaipangusa na kuipaka mafuta kama bibi harusi.

Najua umeshashika kichwa. Ndiyo Baba, ninajua kwamba bunduki hulala nje. Ninajua kwamba ikipata joto hutoa jasho, na jasho likirudi kwenye baridi huwa barafu. Lakini hofu ya kitu cha kuazima ilinifanya mgeni katika nchi yangu mwenyewe. Asubuhi nikatoka nayo, na kwenye mtego wa bondeni nikamkuta Mlafi.

Mlafi mwenyewe, Baba! Mgongo mpana kama wa dubu mdogo, mkia wa manyoya, yuleyule mwizi anayefuata nyayo za mtegaji msimu mzima na kula kila alichonasa, uliyemlaani kwa Kidene chetu na kwa Kifaransa, na Jumapili kwa Kilatini. Alikuwa anamtafuna kicheche wangu. Nikalenga, nikavuta. Kimya. Nikavuta tena. Mafuta yalikuwa yamegeuka gundi. Alinitazama, akambeba kicheche kwa shingo, akaondoka zake. Hata kukimbia hakukimbia.

Tangu siku hiyo akanifanya shamba lake. Nilikuwa nikifika mtegoni nakuta mkia tu, au damu, au mtego umepinduliwa kwa dharau. Jioni moja kwenye redio ya kambi, ambayo wote wanaisikiliza, nikamsikia Ovide akiwaambia watu kwamba mwenye vicheche vya ziada amtumie Mlafi, maana Celestine amechoka kumlisha. Kila kambi ilicheka, nikazisikia zikipokezana. Nilizima redio nikalia. Sikulia kwa sababu ya Ovide. Nililia kwa sababu niliiona njia yetu ikiondoka mikononi mwangu, nawe huko kitandani huna habari.

Shangazi alikuja na pikipiki yake ya theluji kuniletea unga. Hakunibembeleza, unamjua. Aliniuliza tu kwa nini kila nikienda kuchota unga naisukuma kando ile bunduki inayoning'inia nyuma ya gunia. Nikasema ile ni ya mtoto, ya risasi ndogo za sungura. Alicheka mpaka akakalia gunia.

Aliniamuru niivae juu ya koti. Mkanda ukakaa kifuani kama umenipima. Kitako kilikuwa kimekatwa kwa kisu, kimepunguzwa vidole viwili, kikaingia begani bila kupigana na koti nene. Ni nyepesi, ukitembea unaisahau. Inabeba risasi moja tu, basi, haina makorokoro ya kuganda. Shangazi aliifungua, akaiosha kwa mafuta ya taa, akaikausha, akaitundika nje chini ya paa na kunionya kwamba nikiiingiza ndani atanilaza mimi nje. Alinieleza kwamba risasi ndogo ikiingia nyuma ya sikio haitoki upande wa pili, ngozi inabaki nzima, na kwale wa chakula cha jioni anabaki na nyama. Kazi ya bunduki ya mtegaji si kutisha watu dukani.

Nikamuuliza ilikuwa ya nani. Akasema si kazi yake kusema, ila kaka yake yuko mbali na hana kandambili ya kumrushia. Akanisimulia. Nilimsikiliza nimeishika bunduki ile magotini, chai ikapoa.

Baada ya hapo miguu yangu ilibadilika. Niliitembea njia yote, kibanda cha kwanza hadi cha mwisho, nikarudi, nikaitembea tena. Na asubuhi moja ya baridi ya kupasua miti, kwenye mtego uleule wa bondeni, Mlafi alikuwa amenasa mguu wa mbele. Alinguruma, meno yote nje. Nikaiinua bunduki. Nikasubiri atulie, kwa sababu risasi moja haina mdogo wake. Alipogeuza kichwa kuuma mnyororo, nikaliona sikio, nikavuta. Ikalia kidogo tu, kama kijiti kinavunjika, na Mlafi akalala. Nikaacha tumbaku kwenye theluji kama ulivyonifundisha, nikamshukuru. Kisha nikapiga kelele peke yangu msituni mpaka kunguru wakaniondokea.

Sasa mkutano. Ukumbi ulijaa, chai inachemka, kila mtu ametandaza ngozi zake mezani. Nilipomtandaza Mlafi wetu watu waliacha vikombe. Walimgeuza huku na huku wakitafuta tundu. Ovide akauliza nimemuua na nini. Nikainyanyua ile bunduki ndogo. Akacheka, akasema Modeste amemwachia binti yake kitu cha kuchezea, na njia ya mwanamume haiwezi kushikwa na bunduki ya sungura.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo kwa kweli ndilo lililonifanya nikuandikie, Baba, na nakuomba ukae vizuri. Nilisimama nikayasema yote. Nikasema bunduki hii ni ya marehemu mama yangu, Agathe. Kwamba majira ya baridi yale uliyojikata mguu kwa shoka, ulilala kibandani mpaka theluji ikayeyuka, na mkaficha, kwa sababu mwaka ule nao mkutano ulitaka kuona mwenye miguu. Kwamba aliyeitembea njia ni yeye, shoka kiunoni, bunduki hii kifuani, na mimi mgongoni. Ndiyo maana ilibidi iwe nyepesi. Nikawaambia kwamba wanamwita Modeste mtegaji hodari, lakini njia hii ilikwisha kushikwa na mwanamke, na sasa inashikwa na mwingine.

Niliwatazama wazee. Moyo ukaniambia nimekuaibisha. Ndipo Mzee Isidore, mwenyekiti, ambaye njia yake inapakana na yetu, akainuka polepole kwa fimbo yake. Akasema, "Mwanangu, kaa chini, sisi tunajua." Alisema mwaka ule aliona mpakani nyayo ndogo za viatu vya theluji, na kando yake, chini ya msonobari, alama ya kibebeo cha mtoto kilichoegemezwa. Tena ngozi za msimu ule zilinyooka kama kitani, na Modeste hajawahi kunyoosha ngozi ikanyooka, si kabla ya hapo wala baadaye. Wazee wote wakaangua kicheko, wakatikisa vichwa. Walijua, Baba! Wamekutunzia siri yako miaka yote hii, nawe umewatunzia haohao.

Mikono ikainuliwa. Njia imebaki kwetu, kwa jina langu na lako. Mkono wa Ovide uliinuka wa mwisho, kwa shida, kama mlango ulioganda, lakini uliinuka. Baadaye alinijia kuniuliza kama ninaweza kumkatia kitako cha bunduki yake. Nilimwambia aanze kwa kuilaza nje.

Ngozi ya Mlafi hatukuiuza. Shangazi anaishona kwenye kofia ya koti lako, maana manyoya yake hayashiki barafu ya pumzi. Anakusalimu, na anasema kandambili anaisubiri. Mzee Isidore anakusalimu, na anaomba umfundishe ule mkate wa kikaangoni uliojifunza kuupika majira yale mke akiwa kazini.

Pona urudi, tuitembee njia pamoja, wewe nyuma, mimi mbele. Bunduki iko nje chini ya paa. Mkanda sijaurefusha hata tundu moja.

Binti yako niliyebebwa mgongoni,
Celestine