Kile Chungu Kilichopinda Mdomo

Nairobi

Mdogo wangu Muhonja,

Pokea salamu, wewe na wote walioamka vizuri hapo Iguhu. Goti linasemaje? Kama bado unalipaka mafuta ya taa, acha. Mimi ni mzima hapa kwa binti yangu, ila nimekonda kwa kukosa obusuma, ugali wetu wa wimbi. Mjukuu wangu Mmbone ndiye anayeandika. Mimi nasema tu, na nimemkataza kunisafishia maneno.

Muhonja, ninaona. Jicho la kulia limefunguka. Jana nimeona kunguru kwenye paa la jirani nikamtukana kwa furaha.

Unajua mtoto wa jicho alikuwa amenifunika hadi wajukuu nawajua kwa sauti tu. Huku hospitalini nikaletewa kijana, Daktari Barasa. Ni daktari kamili, lakini bado anasomea ubingwa wa macho, na mwalimu wake ni mama mfupi, Daktari Achieng. Nikauliza nani atanipasua.

"Ni mimi, kukhu," kijana akasema, kama vile mimi ni nyanya yake.

"Wewe kajifunze kwa jicho la mama yako. Mwalimu anipasue."

Yule mama hakukasirika. Alivuta kiti, akanishika mkono. "Mama, na mimi nilianza kwa jicho la nyanya ya mtu. Nitasimama hapo mpaka amalize. Lakini ukikataa nitakupasua mwenyewe, na hakuna atakayekununia."

Hapo akanishinda. Nikamwambia kijana, "Ukiniharibu nitakutafuta kwa kupapasa." Alicheka.

Hawakunilaza usingizi, ni jicho tu walilotia ganzi. Katikati ya kazi kijana akasita. "Daktari, chukua wewe," akasema.

Yule mama akamjibu polepole, kama anayeongea na ng'ombe anayezaa. "Sichukui. Hapo ulipo ni pazuri. Pumua. Sasa endelea."

Akaendelea, akamaliza. Baadaye nesi aliniambia yule mama alikuwa amefumbata mikono kifuani muda wote, glavu tayari, asiguse kitu.

Niliposikia hivyo nililia, na nilikuwa nimekatazwa kulia. Unamkumbuka mama yetu kule mtoni akitufundisha kufinyanga? Si ndivyo alivyokuwanga? Udongo wangu unaegemea upande, mimi naita, "Mama, shika!" naye amefumbata mikono kifuani, tope limemkaukia hadi kwenye viwiko. "Chungu ni chako," anasema. Tulimchukia siku hizo. Sasa ningetoa ng'ombe nisikie tena harufu ya zile nyasi za kuchomea vyungu, na ile mvua ya jioni ikitukimbiza hadi nyumbani, yeye nyuma anacheka. Mama wa jirani aliwanyang'anyanga binti zake udongo akamalizia mwenyewe. Si ndio hao mpaka leo wananunua vyungu kwako?

Sasa sikia. Wanafunzi wa Daktari Achieng wamemchagua kuwa mwalimu bora, na watamfanyia sherehe. Barasa amekuja mwenyewe kuniomba nifike niseme neno. Watampa cheti. Sawa, wampe. Mimi siendi mikono mitupu.

Kile chungu changu cha kwanza, kilichopinda mdomo, kiko kwako. Najua unawekea maharagwe. Mwaga, osha, nitumie. Usinitumie cha mama, kile kizuri. Kizuri kinamsifu aliyekifinyanga. Kilichopinda kinamsifu aliyesimama kando akazuia mikono yake.

Msalimie shemeji yangu, mume wako, aache kunywa dawa za majirani. Msalimie mke wa mwanangu Shikuku, mwambie nasikia kuku wangu wanapungua. Na yule mzee wa kanisa anayeimba vibaya, mwambie nimemkumbuka hata yeye.

Nikija Krismasi, usiniamkie kwanza. Simama tu mlangoni, nikutazame. Na ujipake mafuta, miaka yote hiyo sijakuona.

Ni mimi dada yako,
Khasandi