Pointi Mia Moja na Themanini

Jumamosi jioni. Mvua imenyesha tangu asubuhi na bado haijaamua kuacha. Niko chumbani, mlango nimeurudisha, na nina hasira ambayo sijui niielekeze wapi, kwa sababu kila nikiitafutia mtu inarudi kwangu.

Baba yuko sebuleni. Hajaniongelesha tangu mchana.

Kwa wale hawajawahi kusoma blogu hii: mwezi wa nane Baba alipanda mti wa makadamia kwetu Karurumo, kupunguza matawi. Umri wake ni wa watu wanaotuma vijana kupanda, lakini yeye hatumi mtu. Aliangukia bega la kulia, likavunjika. Mfupa uliunga vizuri. Bega ndilo likakataa kufunguka.

Ndugu yangu mkubwa, Njeru, ndiye aliyeamua aletwe kwangu Meru. Mimi nilipigiwa simu tu kuambiwa gari limeshatoka. "Wewe una nyumba kubwa na huna mtu wa kukuuliza," ndivyo alivyosema. Maana yake sina bwana. Nyumba nimeijenga mwenyewe kwa kuuza mabomba na koki, nikianzia meza ya mbao kando ya barabara huku Majengo, na siku nilipokuwa nachimba msingi hakuna aliyekumbuka kwamba nina nyumba kubwa.

Lakini nilimpokea. Ni babangu. Huniita Mama, kwa sababu mimi ni Wawira na Wawira ni jina la mama yake. Binti yangu naye ni Wanja, jina la marehemu mama yangu, kwa hivyo Baba humwita mke wangu. Humtuma maji ya kunywa na kumlalamikia kwamba siku hizi hampendi. Wanja ana miaka kumi na mitatu na humjibu kama mke kweli.

Fizio wa hospitali, yule wa mazoezi ya viungo, alisema jambo moja, akalirudia: mkono lazima upande juu, kila siku, hata kama unauma. Ukikaa chini utakaza, na ukikaza umekaza. Hilo mimi nalielewa bila kuchorewa. Naona koki za aina hiyo kila wiki, zimekaa miaka bila kufunguliwa, ukizilazimisha zinavunjika shingo.

Alitupa kamba ya kuning'iniza mlangoni. Unashika huku, unavuta kule, mkono unapanda. Baba aliiangalia siku mbili. Siku ya tatu akasema yeye si ng'ombe wa kuvutwa kamba, na hiyo kamba leo ndiyo tunaanikia soksi.

Ndipo nikafikiria gemu ya Wanja. Ni ile mashine unayounganisha na TV, halafu badala ya kukaa unabonyeza vitufe, unashika rimoti na kuurusha mkono wako mwenyewe. Kuna tenisi, kuna ngumi, kuna boling, ule mchezo wa kuviringisha mpira mzito uangushe vigingi kumi. Ukirudisha mkono nyuma na kuupeleka mbele hadi juu, mtu wako ndani ya TV anafanya vivyo hivyo. Niliposoma kwenye boksi kwamba ni ya familia yote, nikasema basi, familia yote ni sisi.

Wanja alimtengenezea Guka, ndivyo anavyomwita babu yake, mtu wake wa kwenye TV, mwenye kofia na masharubu. Baba alicheka. Siku ya kwanza alipata pointi hamsini na nne, akilia maumivu kila mpira. Wiki iliyofuata, tisini na saba. Halafu mia thelathini na moja.

Na hapo ndipo nikafanya kosa langu.

Kahawa ilikuwa imeanza kuiva nyumbani na Baba alishaanza kuniuliza kila asubuhi atarudi lini. Hapendi kula kwa binti yake. Hakuwahi kunitamkia, lakini najua kwetu mzee akikaa kwa msichana wake watu wanauliza kama hana boma lake. Mimi nikamwangalia, nikaangalia zile pointi zinavyopanda, nikapiga hesabu kichwani. Kwa mwendo ule, akifika mia themanini mkono utakuwa umefika sikioni. Nikamwambia, "Baba, ukifika mia moja na themanini, mimi mwenyewe nakupeleka Karurumo."

Akasema, "Mama, umesema?"

Nikasema, "Nimesema."

Kuanzia hapo pointi zilipanda kama bei ya simiti. Mia hamsini na tano. Mia sitini na nane. Jioni narudi dukani nimechoka, swali langu la kwanza ni, "Leo ngapi?" Nilianza kuringa. Alhamisi Njeru alinipigia simu kunisuta kwamba namchezesha mzee kama mtoto wa nasari, na mimi nikamtupia namba usoni: mia sabini na tisa, bwana, njoo ujionee.

Leo akaja kujionea.

Alifika na pikapu ya rafiki yake, matope mpaka kwenye madirisha, na gunia tupu la kutilia nguo za Baba. Baba alikuwa amevaa koti na kofia tangu chai ya asubuhi. Nilipoliona lile gunia nilijua amekuja kumchukua, lakini nilikuwa na namba zangu. Nilidhani nikimwonyesha Njeru zile pointi ataona kazi niliyofanya na ataniachia nimalizie.

Njeru akataka ajaribu kwanza. Alisimama katikati ya sebule yangu, akarudisha mkono nyuma mpaka Wanja akaruka kando, akatupa kwa nguvu zake zote. Mpira ukaingia pembeni.

"Anko, hiyo umetupa kwa mtaro!" Wanja akasema.

"TV yenu ina shida."

"TV iko sawa," Baba akasema. "Wewe unatupa kama mtu anafukuza tumbili kwa shamba la mahindi. Lete hapa."

Njeru alimaliza na pointi arobaini na tatu. Baba akachukua rimoti, akaketi kwenye ukingo wa kiti. Nilijua siku hizi hucheza ameketi. Alisema miguu inachoka, nami sikuuliza. Mpira wa kwanza, vigingi vyote kumi. Wa pili, vyote kumi. Njeru akaanza kupiga makofi. Vikaendelea kuanguka, si vyote kila mara, na mwisho TV ikaandika mia themanini na nne kwa herufi kubwa, na karatasi za rangi zikamwagika juu ya yule mzee mdogo mwenye masharubu.

Njeru akasimama. "Mkono umepona. Unashinda wangu. Sasa huyu anakaa huku afanye nini, Wawira? Mzee, twende, kahawa inaanguka chini."

Na mimi wakati huo nilikuwa sitazami TV tena. Kwa mara ya kwanza nilikuwa namtazama Baba.

Kiwiko chake kilikuwa kimeganda kwenye mbavu. Bega halikuwa limesogea hata kidogo. Kilichokuwa kikifanya kazi ni kifundo cha mkono peke yake, kile kimtikiso kidogo cha mtu anayenyunyiza chumvi kwenye nyama. Mashine haijui bega. Inajua rimoti imechezwa vipi. Baba alikuwa ameigundua, akaisoma tabia yake kama anavyosoma mbuzi mjanja, na amekuwa akinipa namba niliyoiomba.

Nilikuwa nimemwambia lete mia themanini. Aliileta.

Gunia liko mlangoni. Njeru anatafuta viatu vya mzee. Nikisema, nitakuwa nimemwambia mwanaume mzima, mbele ya kijana wake wa kwanza, kwamba ni mdanganyifu. Nisiposema, anaondoka na bega lililofungwa, na Karurumo hakuna atakayemleta kliniki. Watasubiri likaze kisha watasema ni uzee. Hatainua panga tena. Hatakata tawi. Mtu aliyepanda mti kwa sababu hataki kutuma mtu atakuwa wa kutuma watu mpaka kufungiwa kifungo cha shati.

Na siwezi kutumia namba kubishana, kwa sababu namba ni zangu na zote sasa ziko upande wa Njeru.

Ndipo nikasema, "Baba, utubariki kwanza."

Kwetu mzee akilala nyumba ya mtu haondoki na mizigo yake bila kuacha baraka. Na baraka haitolewi mtu ameketi. Anavua kofia, anasimama, anainua mikono yote miwili juu, viganja wazi. Siku nilipohamia nyumba hii Baba alisimama papo hapo sebuleni na mikono yake nusura iguse dari.

Aliniangalia. Alijua. Najua alijua, kwa sababu alichelewa kuvua kofia.

Lakini hawezi kukataa kubariki. Alisimama, kofia akaivua kwa kushoto, wote wakainamisha vichwa. Mimi sikufumba macho.

Mkono wa kushoto ulipanda mpaka juu. Wa kulia ulifika mfuko wa kifuani ukasimama. Akaujaribu tena na nikaona jasho limemtoka juu ya mdomo, na sauti yake haikukatika hata mara moja. Aliomba kwa ajili ya duka. Akaomba kwa ajili ya mke wake Wanja, afaulu mtihani. Akasema, "Na huyu Mama yangu, ambaye alinifungulia mlango nikiwa nimevunjika, umpe kupumzika."

Na mimi nimesimama nimetoa macho, namhesabia mkono.

Nilipogeuka, Njeru naye alikuwa amefumbua. Amina yake ilikuja nyuma ya zetu. Alikaa chini polepole.

"Mzee, huo mkono."

"Ni baridi," Baba akasema.

Njeru alikunywa chai yake mpaka ikaisha, akachukua gunia lake tupu. Mlangoni akaniambia, kwa sauti ya chini ambayo kwake ni adabu kubwa, "Basi mzee atakuja nyumbani Krismasi. Lakini hiyo gemu yako ni ya kudanganya watu." Kisha akaenda.

Baba alisubiri mpaka pikapu ikalia kule chini. Akasema, "Wawira. Ulingoja niombe."

Si Mama. Wawira. Katika maisha yangu yote sikumbuki akiniita hilo jina hivyo, kavu.

Mchana nilimpigia Bakari. Ni jirani yangu, ana bucha karibu na msikiti, na kila asubuhi kabla hajafungua huja kumsaidia Baba kuoga na kuvaa, maana hiyo si kazi binti anaweza kumfanyia babake. Nikamuuliza Baba huvaaje shati.

"Mkono wa kulia namvalisha mimi, dada," akasema. "Siku zote. Si nilidhani unajua?"

Kila asubuhi Bakari alipita mbele yangu jikoni na jibu. Mimi kila jioni naiuliza TV.

Basi nimekaa nikafikiria kama mtu wa mabomba. Ukiona maji yanapita pasipotakiwa, unaziba hapo. Nimekata kipande cha kitenge kizee, nikafunga rimoti kwenye mkono wangu mwenyewe, juu ya kiwiko, karibu na bega. Kitufe nabonyeza kwa kushoto. Hapo kifundo hakina kazi. Bila kuinua bega, mpira hauendi popote. Nimejaribu mchezo mzima mimi mwenye mabega mazima, nikapata thelathini na moja.

Nilimpelekea Baba kile kitambaa na rimoti nikaviweka mezani mbele yake. Nikamwambia mia themanini imefutwa. Siku atakayoinua mikono yote miwili juu, hata kama gemu imempa sifuri, kesho yake asubuhi tuko njiani kwenda Karurumo, na nitafunga duka. Hakunitazama. Nikasema naomba anisamehe kwa ile sala. Akaongeza sauti ya TV.

Ndivyo nilivyoingia huku chumbani.

Nimeandika mpaka hapa na sasa adhana ya isha inatoka Majengo, na kwenye sebule yangu kuna watu wanaongea. Nimeacha kuandika nisikie.

"Guka, hapa? Inauma?"

"Funga. Lakini mke wangu, usikaze kama unafunga mbuzi."

Kisha Baba akatoa sauti, ile ile ya siku ya kwanza ya pointi hamsini na nne, sauti ambayo nimekumbuka sasa hivi kwamba sijaisikia kwa wiki nyingi na wala sikujiuliza imeenda wapi. Kisha mpira ukaviringika, polepole, polepole mno.

Kigingi kimoja.

Nimekisikia kikianguka. Sasa nasikia Baba anavuta pumzi, anajiandaa tena.

Sitoki nje. Nikitoka nitauliza ngapi.

Kesho kabla ya kanisa nitampelekea chai mwenyewe. Ataipokea kwa mkono gani, na ataniita nani?