Kurudi Mofu Baada ya Kazi

Jumatatu, 4 Machi 1957
Vidonda tangu asubuhi. Kuosha, kupaka dawa, kufunga. Mvua haikukatika. Baada ya kazi Bwana Mganga, mkuu wa zahanati, kaniita. Tarehe thelathini Aprili nastaafu. Kasema niandike nitakachofanya uzeeni, maana wengi wakiacha kazi hukaa tu, wakafa. Nilicheka mbele yake. Nyumbani sikucheka.

Jumatano, 6 Machi
Nimeandika. Nirudi kijijini Mofu, nikae na mke wangu Agata. Nilime mpunga mwenyewe. Nisiguse tena kidonda cha mtu.
Basi. Sehemu kubwa ya karatasi imebaki tupu.
Miaka ishirini na miwili niko zahanati hapa Ifakara, Agata yuko kule analima. Nilimwambia mwakani nitamleta. Sikumleta. Nilikuwa nakwenda Krismasi na kwenye misiba. Mtoto wetu Yosefu alipokufa nilifika siku ya tatu, ameshazikwa.
Sitaki kuandika zaidi.

Jumamosi, 9 Machi
Nimemsomea Saidi, mwenye duka, rafiki yangu. Akauliza kama Agata nimemjulisha. Nimekasirika. Ajulishwe nini? Nyumba niliijenga mimi.

Jumapili, 17 Machi
Mofu, kwa mtumbwi. Maji yamejaa kila mahali.
Agata alinipokea vizuri. Vizuri mno. Alinitolea kigoda cha wageni, akaniletea maji ya kunawa. Ndani kuna kitanda kimoja, chembamba. Nguo yangu hata moja sikuiona.
Nikamsomea karatasi. Alichambua mchele mpaka nikamaliza.
"Baba Yosefu," akasema, "humo umeandika na maisha yangu. Mimi uliniuliza lini?"
Nikamwambia mimi ni mumewe.
"Ndiyo. Lakini nimezoea peke yangu. Yosefu nilimuuguza peke yangu. Ukitaka kuishi Mofu, njoo, kijiji ni chako pia. Humu ndani, hapana."
Hakupandisha sauti. Afadhali angenifokea.

Jumatatu, 18 Machi
Nimerudi kazini. Hasira. Nimewaza kumshtaki kwa padri, kwa wazee, wamlazimishe. Nimemfunga mtu kidonda vibaya, ikabidi nifungue nianze upya.
Mchana hasira imekwisha. Iliyobaki ni aibu. Hii haina dawa kabatini.

Ijumaa, 29 Machi
Nimeichana karatasi.

Jumanne, 30 Aprili
Chai, hotuba, blanketi jipya. Kila mtu kaniambia nikapumzike nyumbani. Nikashukuru. Nimekabidhi ufunguo wa kabati la dawa. Ninaogopa. Sijawahi kuogopa hivi.

Alhamisi, 2 Mei
Juzi nilimtumia Agata salamu kwa mvuvi mmoja wa Mofu. Safari hii niliuliza: kuna kazi shambani ambayo naweza kuifanya?
Jibu limekuja leo jioni. Ndege wanamaliza mpunga.

Jumatano, 15 Mei
Mofu. Nimejenga dungu la kulindia mpunga ukingoni mwa shamba lake, miti na nyasi tu. Nalala humo. Kukipambazuka ndege wanashuka, napiga debe na kelele mpaka sauti inakauka. Mgongo unauma. Chakula najipikia, kibaya.
Leo asubuhi Agata kapita njiani.
"Umeamkaje, baba Yosefu?"
"Salama. Wewe?"
"Salama."
Akasimama kidogo, akashika suke, akalitazama. Akasema upande wa mtoni ndiko ndege wanakokula sana. Akaenda zake.
Mchana nimelibomoa dungu, nikalihamishia upande wa mtoni.