Mate ya Baraka kwa Wamboi

Mwongeli, nimefukuzwa! Mimi, nyanyake Wamboi!

Nimehangaikia pasi ya serikali ya kuniruhusu kutoka Ruiru mpaka nikachoka, ndipo leo nimefika Thika, kwenye nyumba ya misheni wanakotunza watoto walioungua. Nikamkuta mjukuu wangu amefungwa bendeji mkono mmoja, bega mpaka vidole.

Nikamtemea mate kidogo kwenye kiganja kile kisichoungua, nimbariki. Si hata kwenu Ukambani mnabariki hivyo?

Sista akapiga kelele, "Wewe mama! Unamtemea mgonjwa mate?"

Nikamwambia pole pole, "Ni baraka, Sista."

"Ni uchafu! Toka, na usirudi hapa!"

Uchafu! Mwongeli, ati uchafu!

Sista akakimbilia maji na sabuni. Nikiwa mlangoni nikamwona Wamboi akijipaka ile baraka kifuani, haraka haraka, kabla hajanawishwa.